Kusoma kwa Zamu: Kutoka Ubaoni hadi Darasa Lisilo na Kuta

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa Msahafu, uliofungwa kwa kitambaa cha kijani na kuwekwa juu ya kabati, pasipofikiwa na mikono ya watoto. Cha pili kilikuwa kijitabu chembamba cha Mtu ni Afya, kilichopigwa chapa kwa ajili ya kampeni ya mwaka 1973. Hiki kilikaa chini ya mto wake, kimekunjamana, kimeingia madoa ya mafuta ya nazi. Jioni, baada ya kula, alikuwa akikifungua na kutusomea sisi wajukuu habari za malaria na safura. Alisoma kwa sauti ya kughani kidogo, kama asomaye utenzi, na kila ukurasa aliufungua kwa wakati wake.

Nilipokuwa darasa la nne nilitenda jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia haya. Ukurasa mmoja wa kijitabu kile ulikuwa umechanika na kupotea; nadhani ulikwenda kuwashia moto. Bibi alifika hapo, akasoma maneno ya ukurasa usiokuwapo, sawasawa na alivyoyasoma juma lililotangulia, kisha akafungua unaofuata. Nikasema kwa sauti, mbele ya binamu zangu, "Bibi, wewe husomi, umekariri tu." Alinitazama, akasema, "Haya, mume wangu, basi soma wewe." Akanipa kitabu. Nikasoma kwa mbio na kwa majivuno, kama tusomavyo shuleni. Tangu usiku ule hakutusomea tena.

Nimekianza makala haya kwa kisa hicho kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifundisha watu kusoma kupitia mtandao, tena kusoma kwa pamoja, na swali nililomtupia bibi bila adabu limenirudia kila juma: katika kundi linalosoma kwa pamoja, ni nani hasa anayesoma?

Darasa langu lilianza mwaka 2020. Mwezi Machi shule zilifungwa, Tanzania na Kenya pia, na watu wengi waliokuwa na simu janja wakajikuta wana muda. Nilitangaza kwa marafiki kwamba nitafundisha kusoma mashairi ya kale ya Kiswahili katika hati ya Kiarabu, zile nakala za mkono ambazo maktaba kama ya SOAS, London, zimeziweka mtandaoni kwa picha, kila mwenye bando aweze kuzitazama. Walijitokeza washairi, walimu wa sekondari, mwanafunzi wa uzamili, mama mmoja mzaliwa wa Lamu anayeishi Ulaya, na mzee mmoja wa Tanga ambaye nitamtaja tena. Kwa majuma sita nilifundisha vibaya. Niliweka picha ya ukurasa kwenye kioo, nikausoma mwenyewe, nikaufasiri mwenyewe, nikauliza kama kuna swali. Kamera zimezimwa, vipaza sauti vimezimwa. Nilikuwa kama mtu anayeadhini katika kijiji kilichohamwa.

Ndipo nikaanza kutafuta namna watu wetu walivyosoma pamoja kabla ya mtandao. Nilidhani nitapata mbinu mbili tatu. Nilipata historia ndefu kuliko nilivyotazamia, na ndani yake nikamkuta bibi.

Msomaji aliyepita chuoni, yaani madrasani, anaujua mwanzo wa historia hiyo kwa masikio yake. Watoto ishirini wamekaa juu ya mkeka, kila mmoja na ubao wake au juzuu yake, na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Huyu yuko kwenye alifu na irabu zake, yule amefika sura ndefu. Mgeni husikia kelele tupu. Mwalimu, ambaye pengine anashona kofia au anasuka ukili, husikia kosa moja katikati ya sauti ishirini na kuinua kichwa. Watoto wakubwa huwasomesha wadogo, na mdogo hajui kwamba mkubwa naye anajifunza kwa kumsomesha. Mara nyingi tumeambiwa kwamba chuo ni mahali pa kukariri bila kuelewa, na lawama hiyo ina ukweli wake, maana mtoto wa Kiswahili husoma Kiarabu kabla hajakifahamu. Lakini utaratibu wa chuo una jambo moja ambalo wanaolaumu hawalitazami: hakuna anayejificha nyuma ya mwenzake. Mnakaa pamoja, mnasoma pamoja, lakini ubao ni wako, na zamu ya kuusoma mbele ya mwalimu ikifika hakuna wa kukusomea.

Darsa ya msikitini nayo ina mpango mwingine. Hapo kitabu ni kimoja, msomaji ni mmoja, na sheikh hufasiri kila baada ya sentensi chache, wasikilizaji wakiuliza. Katika maulidi, milango ya Barzanji hugawanywa, huyu akasoma huu na yule akasoma ule, na kila msomaji hupimwa na masikio ya waliokaa. Nataja mambo haya kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mazingira ya tenzi zetu. Tumezoea kumwona mtu na diwani yake, peke yake, chini ya taa. Kwa utenzi wa karne ya 18 au 19, sura hiyo ni ngeni. Nakala ilikuwa moja, masikio yalikuwa mengi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi wake, yapata mwaka 1858, alimtungia mtu mmoja, lakini utenzi ule uliishi kwa kusomwa na wanawake kwa wanawake, na kunakiliwa tena na tena.

Hata wataalamu waliotuhifadhia mashairi hayo hawakuyasoma peke yao. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sehemu kubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa, aliyakusanya na kuyafafanua, na mmisionari William Taylor akashirikiana naye katika miaka ya 1880. Diwani ikachapishwa mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens, baada ya wote wawili kufariki. Kwa kawaida jina la Mzungu hutangulia katika hadithi hiyo. Mimi napenda kuwafikiria wakiwa wamekaa juu ya karatasi moja: mmoja anaziona herufi, mwingine anayajua maneno yenyewe, mitaa yaliyotungiwa na watu waliokusudiwa. Nani kati yao alikuwa msomaji?

Swali hilo si la mzaha, na wanaoijua hati yenyewe wataelewa kwa nini. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kasra husimama badala ya i na e. Dhamma badala ya u na o. Waandishi wengi wa kale walitumia herufi moja, be, kwa b, p na hata mb. Fe kwa f na v. Dali kwa d na nd. Chukua basi neno lililoandikwa kwa be, ye, be, ye. Laweza kuwa bibi. Laweza kuwa pipi, au pepe, au pembe. Mizani haikusaidii, kwa kuwa yote yana silabi mbili. Kina nacho huenda kisikusaidie, kwa kuwa be na bi huandikwa vilevile. Linalobaki ni maana ya ubeti mzima, na ujuzi wa lahaja, na kumbukumbu ya mtu aliyewahi kuusikia utenzi ukisomwa. Kwa hiyo hati hii haikumfundisha mtu neno asilolijua, ilimkumbusha analolijua. Ni hati iliyohitaji jamaa.

Magazeti yalipokuja, watu waliendelea kusoma kwa pamoja, ila sasa kwa mbali. Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na likawapa washairi ukurasa. Mtu wa mji mmoja alitunga fumbo, mtu wa mji mwingine akalijibu kwa mizani ileile na vina vilevile, wa tatu akawasuta wote wawili. Ili ujibu shairi, sharti ulisome kwa makini kuliko mwenye kupita tu: uhesabu, upime kina, utafute neno lililobeba fumbo, kisha umwonyeshe mwandishi kwamba umemfahamu au umemkamata. Hilo ni zoezi la ufahamu lenye makali kuliko maswali ya kitabu cha shule, na wahusika wake huenda hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Tovuti kama hii tunayosomana ni mjukuu wa ukurasa ule.

Lakini babu wa kweli wa darasa la mtandaoni, kwa maoni yangu, ni redio. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zikateuliwa wilaya sita za kuanzia, Mafia na Ukerewe zikiwamo, ujinga wa kutojua kusoma ufutwe huko kabla ya mwisho wa mwaka. Sambamba na hayo, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mradi uliosaidiwa na UNESCO tangu mwaka 1968 ulikuwa ukifundisha kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa: vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, ili mtu asome jambo analolishika kila siku. Bibi alikuwa Mafia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, ana watoto watano, na jioni alikwenda kisomo pamoja na wanawake wenzake chini ya mwembe.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu njia ya pili: vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, lilifanyika somo la Wakati wa Furaha, wakishiriki watu wapatao 20,000. Asili ya njia hiyo ilikuwa mbali. Wakulima wa Kanada walikuwa na mabaraza ya redio tangu mwaka 1941, na India na Ghana zilikwisha kujaribu mfano huo. Lakini Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilipita vipimo vyote. Waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni mbili. Vijitabu vilichapwa kwa mamia ya maelfu. Kwa majuma kumi na mawili, kila kikundi kilikusanyika mbele ya redio moja ya betri, kikasikiliza kipindi, kisha aliyejua kusoma akawasomea wenzake sura ya juma lile, kisha wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Juma lililofuata waliulizana kama limetendeka.

Tazama mpango huo. Sauti inatoka mbali, haionekani na haijibiki. Kitabu kiko mkononi. Maarifa yenyewe hayazaliwi redioni wala kitabuni, yanazaliwa pale wanakikundi wanapoulizana. Na kila mkutano unaisha kwa kazi. Aliyebuni darasa la mtandaoni lenye vyumba vidogo vya majadiliano hakuongeza jambo kubwa juu ya hayo, isipokuwa kwamba redio haikuwa na njia ya kumsikia msikilizaji, na sisi tunayo. Mwalimu anayezima vipaza sauti vya wanafunzi wake anairudisha redio, tena bila kikundi. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi kwa majuma sita.

Njia hii ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilinigusa nyumbani. Katika kikundi, aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Kwa afya za watu hilo lilitosha, kwa kuwa vyoo vilichimbwa kweli, tena vingi. Kwa kisomo halikutosha. Mtu angeweza kuhudhuria majuma yote kumi na mawili, akaelewa kila neno, akachangia mjadala kuliko wote, na asifungue kinywa kusoma hata mstari mmoja. Umahiri wa kikundi ulimfunika. Tena wanawake wa pwani, waliolelewa katika kusikiliza maulidi na tenzi, walikuwa na kumbukumbu za ajabu. Kusikia mara mbili kulitosha kuibeba sura nzima.

Takwimu za kisomo zilishuka kwa kasi ya kupendeza: waliokuwa hawajui kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, na mwaka 1986 hawakufika hata kumi. Sisemi takwimu hizo zilikuwa za uongo. Mamilioni walijifunza kusoma, na hakuna nchi jirani iliyojaribu jambo la ukubwa ule. Lakini uchumi ulipoharibika katika miaka ya themanini, karatasi zikaadimika, betri za redio zikaadimika, maktaba za vijiji zikabaki rafu, vikundi vikatawanyika. Aliyesoma kwa kutegemea kikundi alibaki bila kikundi. Hesabu za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba idadi ya wasiojua kusoma ilipanda tena. Wengine walikuwa vijana walioikosa shule, na wengine walikuwa watu wazima ambao kusoma kuliwatoka kama lugha isiyosemwa. Mimi nilimcheka mmoja wao jioni moja, naye akanikabidhi kitabu.

Wataalamu wa Marekani nao walikutana na kasoro hiyohiyo kwa njia yao. Mwaka 1971, Elliot Aronson na wanafunzi wake, huko Austin, Texas, waligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake hawana, hivyo kundi likalazimika kumsikiliza hata yule liliyemdharau. Mwaka 1984, Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza utaratibu ambamo wanafunzi hupokezana nafasi ya mwalimu: huyu abashiri kitakachofuata, huyu aulize swali, huyu afafanue palipofumbika, huyu afupishe. Nimezisoma kazi hizo kwa faida. Nilipozisoma niliuona mkeka wa chuo na ubao ulio wako mwenyewe, niliiona milango ya maulidi ikigawanywa, nami nikajuta kwamba sikuyaona haya hadi nilipoelezwa na watu wa mbali. Lakini nani hajapata kuonyeshwa mlango wa nyumba yake na mgeni?

Juma la saba nilibadili darasa. Kila mshiriki nilimtumia mapema, kwa WhatsApp, picha ya mstari mmoja tu, mstari wake, na kila mmoja alipaswa kunitumia sauti yake akiusoma kabla hatujakutana. Mimi peke yangu nilizisikiliza sauti hizo, kama mwalimu wa chuo na ukili wake. Tulipokutana, watu wanne wanne waliingia katika vyumba vidogo na mistari yao minne, wakaujenga ubeti. Mmoja alihesabu mizani, mmoja alilinda vina, mmoja alifuatilia maana, mmoja aliangalia lahaja. Juma lililofuata walibadilishana. Mwanzoni walilalamika kwamba ni kazi ya watoto. Kisha ubeti wa kwanza ulipowakatalia walisahau kulalamika.

Palikuwa na neno lililosomeka "dia". Walimu wawili wa bara walilitafuta katika kamusi wasilipate. Mmoja akapendekeza kwamba mnakili alikosea. Mama wa Lamu aliyekuwa ameshika zamu ya vina alicheka, akasema, "Ni ndia, wanangu. Ndia ni njia. Nyumbani kwetu hatuna nyingine." Dali ile ilikuwa imebeba nd, na kamusi zao zilikuwa za Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake, Kiunguja, ulichaguliwa mwaka 1928. Dakika ile ilinifundisha mengi kuliko majuma yangu sita. Neno moja la utenzi lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mtu ambaye hadi wakati huo hakuwa amesema neno darasani, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, aliona wengine wana shahada.

Na yule mzee wa Tanga? Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote. Katika majuma yangu sita ya mwanzo alikuwa akiandika maoni mazito kuhusu maana za beti, nami nilimhesabu miongoni mwa waliofaulu. Nilipoomba sauti ya mstari wake, haikuja. Juma lililofuata haikuja. La tatu alinipigia simu usiku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba herufi hizo hazijui hata moja, kwamba alikuwa akisikiliza ninavyosoma na kutafakari maana, na kwamba akiwa mtu wa Tanga, mtoto wa mwalimu wa chuo, aliona haya kusema. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akapelekwa bara, shule ya bweni. Kimya kilipita. Nilimkumbuka bibi, na safari hii sikusema, "Umekariri tu." Nilimuuliza anaweza kupata nusu saa kila siku baada ya alfajiri. Akasema anaweza. Tulianza na alifu, kwa simu, sisi wawili. Kisha mama wa Lamu akachukua zamu za Jumamosi, kisha mwanafunzi wa uzamili, ambaye naye alikuwa na herufi mbili tatu anazozichanganya, akaomba kuwa mwalimu wake ili asichekwe. Baada ya miezi minne mzee alituma sauti ya mstari wake wa kwanza. Alijikwaa mara tatu, na kila alipojikwaa alirudi nyuma akaanza tena, kama mtoto wa chuo.

Ninayoeleza hayamalizi tatizo. Bando ni ghali kwa wengi, na mwenye simu ndogo huona ukurasa wa nakala kama kichuguu cha sisimizi. Mkutano ukikatika katikati ya ubeti, watu hurudi wakiwa wamepoteza uzi. Kuna usiku nimejiuliza kama si afadhali kila mtu akae na kitabu chake. Tena kundi lina udhalimu wake: mwenye sauti kubwa hushinda, na tafsiri iliyopigiwa kura na wengi yaweza kuwa kosa la wengi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Katika kusoma hati za kale nimeliona neno likiharibika penye wengi, tena kwa makofi.

Bibi alifariki mwaka 2009. Mwaka jana mama yangu alinipa kijitabu kile cha Mtu ni Afya, kikiwa bado na pengo la ukurasa uliopotea. Nilikuwa sijakishika tangu utoto. Nilipokifungua niliona pembezoni mwa kila ukurasa maandishi madogo kwa penseli, yaliyofifia, ya hati ya Kiarabu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nimeyaona, nikadhani ni dua. Hayakuwa dua. Yalikuwa Kiswahili. Bibi alikuwa amepita chuoni akiwa msichana, na alizijua herufi zile vizuri. Darasa la kisomo lilifundisha herufi nyingine, na katika herufi hizo alihesabiwa kuwa ndiyo kwanza anaanza. Jioni alipokuwa kikundini, mwenzake akisoma, yeye aliandika ukingoni, kwa hati anayoimudu, neno moja au mawili ya kumkumbusha kila fungu. Alikuwa akisoma. Tulipomwona akikazia macho ukurasa, alikuwa akisoma pembeni.

Nilipiga picha kurasa hizo na kuzipeleka darasani, nikagawa mistari kama desturi. Niliwaambia ni mkono wa mwanamke wa Mafia wa miaka ya sabini, sikuwaambia ni wa nani. Neno la ukurasa wa vyoo, lenye be mbili, liliwatatiza. Mmoja akasoma bibi, mwingine akasoma pepe, na yule mzee wa Tanga akasema taratibu kwamba kuna nuni na ye zimefifia mwishoni, basi ni pembeni: choo kichimbwe pembeni, mbali na kisima. Wote wakakubali.

Neno la ukurasa wa safura limebaki. Kafu yenye dhamma, kisha fe. Nusu ya darasa inasoma kuvaa, kwa hoja kwamba minyoo ya safura huingia kwa nyayo na somo la ukurasa ule ni kuvaa viatu. Nusu inasoma kufa. Kama angefuata desturi ya waandishi wa kurefusha silabi ya pili kutoka mwisho, mjadala ungekwisha, lakini penseli imekatika hapohapo baada ya fe. Mama amenieleza kwamba mtoto wa tano wa bibi, aliyemfuata yeye, hakuvuka mwaka 1974, na kwamba alikuwa na tumbo na weupe wa macho. Jambo hilo sijalieleza darasani. Jumamosi ijayo zamu ya kuufasiri ukurasa huo ni ya mzee wa Tanga, na amekwisha kunitumia sauti yake. Anasoma kuvaa.